Lebo zenye chipu: zinavyotengenezwa, zinavyokufa njiani na nani hubeba hasara

Lori linafika ghalani likiwa na katoni 500. Nyaraka zote zipo, lakiri haijakatwa na hakuna katoni hata moja iliyochanika. Lakini mlango wa ghala hilo hauhesabiwi na karani mwenye kalamu. Pembeni zimefungwa antena zinazosoma lebo za katoni kwa mawimbi ya redio, na kompyuta inaandika 480. Katoni 20 zipo, zinaonekana na zinashikika, ila kwa mujibu wa kompyuta hazijafika.

Hapo huanza mabishano. Mnunuzi anasema hatalipia kisichosomeka. Kiwanda kinasema lebo zilitoka zikiwa nzima. Msafirishaji anabaki katikati na gari linalodaiwa maegesho. Kwa kawaida katika mabishano kama hayo hakuna mwizi. Kilichokufa ni kifaa chembamba kilichofichwa chini ya karatasi ya lebo, na namna kilivyotengenezwa ndiyo inayoeleza kwa nini kilikufa na mikononi mwa nani.

Madai ya lebo hizi yalipata nguvu mwaka 2003, wakati kampuni ya Walmart ya Marekani ilipowataka wauzaji wake wakubwa 100 waanze kuweka lebo za redio kwenye katoni na mbao za kupangia mizigo ifikapo Januari 2005. Teknolojia hiyo hujulikana kwa kifupi kama RFID. Wakati huo lebo moja ilikuwa ghali, na watafiti wa chuo cha MIT walikuwa wameweka lengo la kuishusha hadi senti 5 za dola. Leo anayenunua kwa mamia ya maelfu hulipa senti chache tu kwa lebo. Bei ilishuka kwa sababu ya namna ya kuzitengeneza: viwanda vilijifunza kuzitoa kama magazeti, kwa majora marefu ya plastiki yanayopita kwenye mashine bila kusimama.

KILICHOMO NDANI YA LEBO

Mtu akiinua lebo ya aina hii dhidi ya jua ataona vitu viwili. Cha kwanza ni mistari ya madini yenye mikunjo, iliyoenea karibu lebo nzima. Hiyo ni antena. Cha pili ni nukta nyeusi katikati, ndogo kuliko punje ya mtama. Hiyo ni chipu, ambayo kila upande wake haufiki milimita 1. Ndani yake imehifadhiwa namba ya katoni.

Vyote viwili vimekaa juu ya plastiki yenye unene wa takriban mikroni 50, yaani sehemu ya 20 ya milimita. Antena yenyewe ikiwa ya alumini huwa na unene wa mikroni 10 hivi, unaokaribia ule wa karatasi ya alumini ya kufungia chakula jikoni.

Lebo haina betri. Kisomaji kinaporusha mawimbi, antena huyakamata na kuyageuza kuwa umeme kidogo unaoiamsha chipu, nayo hujibu kwa kutaja namba yake. Lebo za katoni hutumia masafa ya kati ya megahezi 860 na 960 na husomeka kwa umbali wa mita kadhaa. Zipo pia lebo za megahezi 13.56, ambazo husomeka kwa karibu sana. Dereva anayevuka mpaka kwa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki hubeba kifaa cha jamii hiyo ya pili: chipu na antena ya kuzunguka vilivyofichwa ndani ya kijitabu.

Tofauti hiyo ya masafa imewapoteza wengi. Simu yenye uwezo wa NFC husoma lebo za megahezi 13.56 tu. Mfanyabiashara anayejaribu kusoma lebo ya katoni kwa simu ya kawaida na kukosa jibu asidhani kwamba lebo imekufa. Lebo hiyo inahitaji kisomaji chake.

NJIA YA KWANZA: KULA MADINI KWA DAWA

Antena nyingi za lebo za katoni hutengenezwa kwa njia hii. Kiwanda huanza na jora la plastiki lililogandishwa alumini upande mmoja, mfano wa jora la kitambaa lenye urefu wa mamia ya mita. Mashine ya uchapaji hupiga wino wa kinga juu ya alumini, kwa umbo lilelile la antena inayotakiwa. Kisha plastiki hupitishwa kwenye birika la asidi. Alumini isiyofunikwa na wino huliwa yote, na ile iliyo chini ya wino hubaki. Mwisho wino huoshwa, na jora zima huwa limejaa antena zilizopangwa kwa safu.

Faida yake ni kwamba kinachobaki ni madini kamili. Hupitisha umeme vizuri na huvumilia kupindwa kiasi. Hasara ni kwamba sehemu kubwa ya alumini huishia kwenye asidi, na maji machafu yanayotoka humo lazima yasafishwe kabla ya kumwagwa. Ndiyo maana kazi hii hufanywa na viwanda vikubwa, na wachapaji wengi wadogo hununua majora ambayo antena na chipu vimeshawekwa.

NJIA YA PILI: KUCHAPA KWA WINO UNAOPITISHA UMEME

Njia ya pili haitaki asidi. Wino wenye chembechembe za madini ya fedha huchapwa moja kwa moja juu ya plastiki au karatasi. Mara nyingi hutumika kitambaa cha skrini, kwa kanuni ileile ya mafundi wanaochapa fulana: wino husukumwa kwa mpira na kupita pale tu kitambaa kilipoachwa wazi. Baada ya hapo plastiki huingia kwenye tanuri la nyuzi joto 120 hadi 150 hivi. Joto hukausha gundi iliyomo na kuzifanya chembe za madini zigusane, na umeme hupata njia.

Tanuri haliwezi kupandishwa sana, kwani plastiki ya kawaida hujikunja. Kwa kazi za joto kali hutumika plastiki ya rangi ya kahawia ya manjano iitwayo polyimide, ambayo huvumilia mamia ya nyuzi lakini bei yake ni kubwa zaidi.

Wino wa kaboni ni rahisi kuliko wa madini ya fedha, na bidhaa moja inayoutumia inafahamika karibu kila duka la dawa: kijiti cha kupimia sukari ya damu. Mistari iliyo juu ya kijiti hicho ni sensa iliyochapwa. Tone la damu likigusa kemikali iliyowekwa hapo, umeme mdogo hupita na mashine huugeuza kuwa namba. Tabaka linalohisi kama mtu amekaa kwenye kiti cha gari na kuwasha taa ya mkanda nalo mara nyingi huchapwa kwa wino juu ya plastiki.

Udhaifu wa mistari iliyochapwa uko kwenye mkunjo. Kwa kuwa ni chembe zilizoshikana kwa gundi, mkunjo mkali huziachanisha. Lebo hubaki nzuri machoni, lakini ndani njia ya umeme imekatika.

NJIA YA TATU: MVUKE WA MADINI

Mfuko wa viazi vya kukaanga vya dukani una ng'aro la madini kwa ndani. Ng'aro hilo hupatikana kwa kuchemsha alumini ndani ya chumba kilichoondolewa hewa hadi igeuke mvuke, nao hutua juu ya plastiki kama umande. Kwa njia za jamii hiyo viwanda hutandaza matabaka membamba sana ya madini ya aina mbalimbali, kisha huyachonga kuwa sensa.

Njia hii ndiyo iliyofungua mlango wa chipu zinazopindika zenyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Japani wakiongozwa na Hideo Hosono walionyesha kwamba mchanganyiko wa oksidi za indiamu, gali na zinki unaweza kutandazwa juu ya plastiki bila joto kali na kufanya kazi ya swichi za umeme. Mwaka 2021 kampuni za Uingereza za Arm na PragmatIC zilitangaza chipu ya kompyuta ya biti 32 iliyojengwa juu ya plastiki kwa mchanganyiko huo. Haina kasi ya chipu za kawaida, lakini haihitaji kipande cha silikoni kinachovunjika kama kioo.

Hata hivyo, katoni nyingi zinazopita barabarani leo bado zina chipu za silikoni.

PANAPOVUNJIKA: KIUNGO CHA CHIPU

Antena peke yake haina kazi. Chipu hutengenezwa kwingine, juu ya sahani ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 200 au 300, ambayo hukatwa vipande makumi ya maelfu. Mashine huokota kipande kimoja, hukigeuza uso chini na kukiweka juu ya tone la gundi kwenye ncha mbili za antena. Gundi hiyo ina punje za madini. Kikandamizo chenye joto huibana kwa sekunde kadhaa, punje hubanwa kati ya chipu na antena, na umeme hupata daraja.

Sehemu hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Plastiki inapindika, alumini inapindika, lakini silikoni haipindiki, na daraja la gundi ni jembamba sana. Lebo inapozungushwa kwenye kopo kwa utaratibu hakuna tatizo. Inapokunjwa juu ya kona ya katoni na nukta nyeusi ikakaa palepale penye mkunjo, ama chipu inapasuka ama daraja linaachia.

Kutokana na udhaifu huo, viwanda hujaribu lebo zikiwa bado kwenye jora, na zilizokufa huwekewa alama ili zisitumike. Mfanyabiashara anayenunua jora ana haki ya kumuuliza muuzaji kama kila lebo ilijaribiwa na zilizokufa zimetiwa alama gani. Anayebandika bila kuangalia alama hizo huanza safari na katoni ambazo hazitasomeka popote.

KINACHOUA LEBO BARABARANI NA MAGHALANI

Ukijua lebo imejengwaje, sababu za kufa kwake hazina fumbo.

Pini na mihuri. Karani anayepiga pini ya karatasi juu ya lebo anaweza kutoboa antena au chipu. Muhuri unaogongwa kwa nguvu juu ya nukta nyeusi nao huweza kuvunja daraja la gundi.

Kamba za kufungia. Kamba ya plastiki inayokazwa kwa mashine ikipita juu ya nukta hukandamiza chipu safari nzima, na kila shimo la barabara huongeza pigo.

Chuma. Lebo ya kawaida ikibandikwa moja kwa moja juu ya pipa la chuma haisomeki hata ikiwa nzima, kwa sababu chuma hubadili jinsi antena inavyopokea mawimbi. Zipo lebo maalumu zenye tabaka la kuinua antena kutoka kwenye chuma. Mzigo wa mapipa na madebe unahitaji hizo.

Maji. Juisi, samaki, mafuta ya kupaka na bidhaa nyingine zenye maji mengi hunyonya mawimbi. Lebo ikikaa palipo na nafasi ya hewa kati ya katoni na chupa husomeka vizuri zaidi kuliko iliyobanana na chupa.

Lebo juu ya lebo. Katoni zikipangwa lebo zikatazamana na kugusana, antena zao huingiliana. Kompyuta inaweza kukosa kadhaa ingawa zote zi hai.

Vumbi, unyevu na joto. Gundi haishiki kwenye katoni yenye vumbi au iliyoloa, na lebo iliyodondoka ni sawa na lebo isiyokuwapo. Unyevunyevu na joto la muda mrefu ndani ya kontena hulegeza pia daraja la chipu.

Katika orodha hiyo, chuma, maji na kupanga vibaya haviui lebo. Vinaizima kwa muda tu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ghalani, kabla ya yeyote kutia saini kwamba mzigo umepungua, ni kuzishusha katoni zisizosomeka, kuzitenganisha na kuzisoma moja moja kwa kisomaji cha mkononi. Kama 15 kati ya zile 20 zitajibu, tatizo lilikuwa la upangaji. Tano zilizobaki zitazamwe: zenye mkunjo, pini au alama ya kamba zina sababu inayoonekana, na mara nyingi huonyesha ilitokea kabla au baada ya kupakiwa.

LEBO ZA JOTO NA USHAHIDI WA MSAFIRISHAJI

Kwa mizigo ya baridi jambo ni zito zaidi. Maua ya Naivasha, minofu ya sangara wa Mwanza na parachichi za Njombe huweza kusafiri na lebo nyembamba inayopima joto na kuhifadhi vipimo kwa saa na tarehe. Baadhi huwa na betri bapa iliyochapwa kwa zinki na manganizi, kemia ileile ya betri za kawaida za tochi. Sensa ya joto hufanya kazi kwa kuwa umeme hupita kwa urahisi tofauti joto linapobadilika. Ile ya unyevu hutumia tabaka linalonyonya maji kutoka hewani.

Lebo hizi zisichanganywe na alama za chupa za chanjo zilizoanza kutumika mwaka 1996. Alama hiyo haina umeme. Ni kemikali inayozidi kuwa nyeusi kadiri inavyokaa kwenye joto, na mraba wa katikati ukifikia weusi wa duara linalouzunguka, chanjo haitumiki tena. Nayo humweleza mpokeaji kwamba joto lilizidi, lakini haisemi lilizidi lini wala wapi.

Lebo yenye kumbukumbu husema lini, na hapo ndipo msafirishaji anapoweza kuokoka au kuzama. Kama joto lilipanda saa nane usiku gari likiwa foleni mpakani, kipimo kitaonyesha. Kama lilipanda kabla ya mlango wa kontena kufungwa, kitaonyesha pia. Lakini lebo nyingi za aina hii huanza kuandika baada ya kubonyezwa au kuamshwa kwa simu. Isipowashwa wakati wa kupakia, msafirishaji hana ushahidi wowote. Mahali ilipowekwa napo pana uzito: iliyo mbele ya feni ya ubaridi na iliyo karibu na mlango zitatoa habari mbili tofauti za mzigo mmoja.

TOFAUTI NA LAKIRI YA FORODHA

Lakiri ya kielektroniki inayofungwa kwenye mlango wa kontena au tangi ni kifaa kingine kabisa. Kina betri, kasha gumu na mawasiliano ya kuonyesha gari lilipo. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ya mpito kwa lakiri za namna hiyo. Lakiri huieleza forodha kwamba mlango haukufunguliwa. Haijui ndani kuna katoni ngapi, wala haitamsaidia msafirishaji mbele ya mnunuzi anayedai lebo 20 hazisomeki. Lakiri salama na hesabu pungufu vinaweza kuwa kwenye gari moja.

YA KUFANYA KABLA YA GARI KUONDOKA

Ulinzi wa msafirishaji huanza pale mzigo unapopakiwa. Penye kisomaji, lebo zisomwe mlangoni na idadi iliyosomeka iandikwe kwenye hati ya mzigo, kando ya idadi ya katoni. Pasipo na kisomaji, angalau ziandikwe lebo zilizokunjwa, zilizopigwa pini au zilizofunikwa na kamba, na mpakiaji atie saini. Picha ya simu yenye tarehe huongeza nguvu.

Kwa upande wake mfanyabiashara aulize mambo manne kabla ya kununua lebo: zitabandikwa juu ya nini, zitapita kwenye joto gani, zilijaribiwa vipi, na visomaji vya mnunuzi vinatumia masafa gani. Ulaya hutumia zaidi megahezi 865 hadi 868, na Marekani 902 hadi 928. Lebo nyingi hutengenezwa zijibu kote, lakini si zote, na nyingine hujibu vizuri zaidi upande mmoja.

Mkataba nao useme wazi ni hesabu ipi inayotawala endapo kompyuta na macho vitatofautiana, na nani atalipa gharama ya kubandika lebo mpya. Lebo ya akiba ni ya senti chache, na kuibandika na kuiandikia namba ya katoni ni kazi ya dakika chache. Gari lililosimama siku tatu getini kwa sababu ya nukta ndogo kuliko punje ya mtama hugharimu zaidi ya faida ya safari.